Kutoa saini ya biro kwa besboli, na ile saini ambayo si saini

Swali: Fundi habari ya kazi. Niko Kondele, Kisumu. Mjomba alikaa Chicago miaka mingi, aliporudi akaniachia mpira wa besboli wenye saini ya mchezaji mmoja wa huko, ya biro ya bluu. Sasa Krismasi mtoto wa dada yangu, yuko gredi 3, akasikia watu wakisema huo ni mpira wa kusainiwa, naye akachukua biro nyeusi akasaini jina lake kubwaaa hapo kando. Alafu kuna ya tatu, nyeusi pia, imenyooka sana, chini yake pameandikwa Commissioner, hiyo sijui ni ya nani. Nataka ibaki ya bluu peke yake. Nimeambiwa spiriti, nimeambiwa Colgate, jirani amesema Jik. Nitumie gani?

Jibu: Dada, kwanza hiyo Jik irudi chooni, isikae hata meza moja na huo mpira. Jik inakula ngozi yenyewe na kuiacha na rangi ya njano, wino unaweza kubaki pale pale ukikuangalia.

Pili, hiyo ya tatu usiiguse kabisa juu si saini, ni chapa ya kiwandani. Mipira rasmi ya ligi kuu ya Marekani inatengenezwa na Rawlings, kiwanda kiko Costa Rica, na kila mmoja unatoka ukiwa umepigwa chapa ya saini ya kamishna, yaani mkuu wa ligi. Soma vizuri hilo jina. Ikiwa ni Selig, huo mpira ni wa kuanzia 2000 mpaka karibu na 2015, ikiwa ni Manfred basi ni wa 2015 kuja huku, manake ndo mwaka alichukua ofisi. Kabla ya 2000 walikuwa wanaweka saini ya rais wa ligi, juu ndani ya ligi kuu kuna ligi mbili, American na National, na kila moja ilikuwa na rais wake na mpira wake. Watu wa kukusanya hii mipira wanaanza kuangalia hapo, kwa sababu mtu akikuuzia saini ya mchezaji aliyekufa 1995 na mpira una chapa ya Manfred, hapo hakuna haja ya mtaalamu, umeshapigwa.

Haya mambo sikuyasoma mahali, niliyajua kwa kuumia. Kazi yangu hapa Nakuru ni viti vya gari, sofa, handibegi, viatu vya bei, na miaka kadhaa nyuma mteja akaniletea mpira kama wako nitoe maandishi ya biro. Nikaona mistari myeusi, nikadhani yote ni ya kutoa, nikapitisha pamba yenye spiriti mara moja tu. Chapa ikayeyuka ikawa kama masizi ya koroboi yamepakwa na kidole, alafu ikaingia ndani. Pesa sikulipwa, na nikalipa mimi.

Kilichonidanganya ni mazoea ya sofa. Ngozi ya sofa ama kiti cha gari ina rangi na polishi juu, wino unakaa juu ya hiyo polishi kama matope juu ya gambuti, unafuta unaenda. Besboli haina hiyo kitu, ngozi iko uchi. Tena haijatengenezwa kwa magome ya muwati kama ile ya kahawia ya mishipi, wala kwa dawa ya kromu inayotoa ile ngozi ya bluu. Ni ngozi ya ng'ombe (zamani ilikuwa ya farasi, mpaka 1974) iliyotengenezwa kwa shabu, ile ile watu wanatuliza nayo maji ya mto, ndo maana inatoka nyeupe hivyo. Ubaya wa shabu ni kwamba maji yanaitoa, ukilowesha huo mpira ukaukaushe unapata ngozi ngumu kama biskuti. Kwa hivyo sabuni na maji hapana, hata kama ni Menengai ya hapa kwetu. Colgate nayo ina chembe za kusugua, inakwangua uso wa ngozi, na ile spanji nyeupe ya supermarket ya kutoa alama za ukuta ni msasa tu umevaa nguo nzuri.

Sasa biro. Wino wa biro ni rangi iliyochanganywa na mafuta, na kitu cha kuulegeza ni alkoholi. Surgical spirit ya chemisti inaweza kuwa na mafuta ndani, ile ya zambarau ya kuwashia ina rangi, utaongeza doa juu ya doa. Nenda kwa fundi wa simu akuuzie kidogo ile aisopropili wanaoshea bodi, ni safi na inakauka haraka. Lakini shida ya alkoholi ni kwamba haiui wino, inausafirisha tu. Ukiweka nyingi wino unashuka ndani na kutambaa pembeni, unabaki na wingu la kijivu kubwa kuliko jina la mtoto.

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua vijiti vya pamba vya masikio, vingi, ishirini si vingi. Chovya kimoja, alafu kigandamize kwa tishu mpaka kisiache alama ya unyevu, ndo uguse mstari, na usisugue, kibiringishe juu ya wino mara moja kutoka nje ya mstari kuja katikati, na utupe. Hicho hicho usirudishe, utakuwa unapaka ulichotoa. Ngoja dakika kadhaa pakauke, chukua kingine. Anza na herufi iliyo mbali zaidi na ile bluu, na ukifika karibu nayo kama upana wa kidole simama, kwa sababu hiyo nayo ni biro na alkoholi haijui nani ni mchezaji na nani ni wa gredi 3. Usijaribu kuifunika na selotepu, gundi itaondoka na saini. Uzi mwekundu pia uuache kabisa. Kijiti kikianza kutoka cheupe basi umemaliza, kilichobaki kiko ndani ya ngozi.

Kitabaki kivuli. Jina litasomeka kidogo ukiinamisha mpira kwa mwanga, na kalamu ikiwa iligandamizwa (watoto wanagandamiza!) mfereji hautoki kwa dawa yoyote. Kama ingekuwa maka peni ama kalamu ya jeli ningekwambia usianze. Na wa kukuambia uanike kwa jua rangi ipauke mwambie jua la Kisumu halichagui, litaanza na hiyo ya bluu.

Ukitaka kuuza, mwambie mnunuzi kwamba palifutwa. Pitisha ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, mara nyingi mahali palipofutwa panajionyesha. Kama hauuzi, mimi ningeacha jina la mtoto hapo lilipo, lakini mpira ni wako.

Ukiamua nifanye mimi, piga picha pande zote kwanza, na ukiutuma na matatu usiufunge kwa nailoni, utatoa jasho njiani. Zungushia kitambaa cha pamba kikavu, uweke kwa boksi la viatu.