Jibu: Shali ya tartani ya begani, inchi ngapi?

Kaka, umeuliza ununue ukubwa gani wa shali ya tartani, ile ya kitambaa cha mirabaraba cha Kiskoti inayovaliwa begani. Kwa urefu wako wa futi 6 na inchi 2, hiyo ya inchi 48 uliyoonyeshwa dukani achana nayo. Itaishia juu ya pindo la kilti (ile sketi ya kiume ya Kiskoti) na kuonekana kama ya kuazima. Tafuta ya mraba, inchi 54 au hata 60 kila upande. Inabanwa kwa pini kubwa bega la kushoto na kuning'inia mgongoni, ncha ikifika nyuma ya goti hivi. Kabla hujalipa, kunja shuka la kitandani kwa vipimo hivyo, libane kwenye koti lenyewe utakalovaa, mtu akutazame kwa nyuma. Na sufu isiwe nzito mno, maana mikunjo ikirundikana begani pini haishiki vizuri.