Poti haionekani, ubao haujibu: ni hitilafu mbili tofauti

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina ubao wa kujifunzia wa aina ya Arduino Uno, ule wa kunakiliwa wenye chipu ya CH340 (inayounganisha USB na chipu kuu). Mwezi uliopita niliupakia programu ya kuwasha na kuzima taa nikitumia kompyuta ya Windows, ukakubali mara ya kwanza. Sasa nimeongeza moduli ya bluetooth HC-05 kwenye pini 0 na 1, na kila nikipakia naletewa ujumbe huu: «avrdude: stk500_getsync() attempt 10 of 10: not in sync: resp=0x00». Poti ya COM5 naiona. Nikahamia kompyuta nyingine yenye Ubuntu 22.04, huko poti haionekani kabisa. Nimesakinisha Arduino IDE (programu ya kuandikia na kupakia kwenye ubao) upya mara tatu na kujaribu kebo mbili. Je, nimeunguza ubao?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizotaja sioni ubao ulioungua, kwa hiyo usiutupe. Naona hitilafu mbili zilizokukuta wiki moja, nawe ukazichukua kama moja. Kwenye Windows poti ipo ila ubao haujibu. Kwenye Ubuntu poti yenyewe haipo. Ukitafuta dawa moja ya yote mawili utazunguka sana, na kusakinisha IDE upya hakugusi hata moja kati ya hayo.

Kwanza tazama njia ambayo data hupita. Inatoka kwenye kompyuta, inapita kebo, inafika CH340, na CH340 ndiyo inayozungumza na chipu kuu, ATmega328P, kupitia pini 0 na 1. Jina COM5 unaloliona kwenye Windows ni la CH340. Kwenye mbao ambazo chipu kuu hukaa kwenye soketi, unaweza kuing'oa kabisa na COM5 ikabaki pale pale. Kwa hiyo poti ikionekana, ujue kebo ina nyaya za data, draiva ipo na CH340 iko hai. Haikuambii lolote kuhusu chipu kuu. Ujumbe ulioupata nao una maana nyepesi kuliko unavyotisha: kompyuta imebisha hodi mara kumi, na haikupata jibu linaloeleweka.

Mbona halipatikani? Moduli yako ndiyo ninayoishuku kabla ya kitu kingine chochote. Pini 0 ndiko chipu kuu inakosikilizia, na pini 1 ndiko inakosemea. Katika muundo wa Uno, kati ya chipu ya USB na pini hizo kuna rezista za 1 kΩ, nazo ziliwekwa ili kifaa cha nje kikiunganishwa hapo kiweze kuishinda chipu ya USB bila kuunguza kitu. HC-05 inashinda kweli. Laini ya siriali isiyo na mazungumzo hukaa juu (yaani kwenye volti nyingi), na HC-05 inaishikilia pini 0 kwenye volti 3.3 moja kwa moja. CH340 inapotaka kuishusha laini ili itume data, inavuta kupitia ile rezista, na nguvu yake haitoshi. ATmega328P inayotumia volti 5 huhesabu kuwa laini iko chini pale tu volti zinapofika 1.5 au pungufu. Kwa upande wake laini haijashuka hata mara moja, na hodi hazijafika.

Chomoa nyaya mbili za pini 0 na 1, upakie tena. Nimeshaletewa mbao kadhaa zilizodhaniwa zimekufa, na nyingi zilifufuka kwa kuchomoa nyaya hizo mbili tu. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu: inaumiza kuona mtu anaacha kazi aliyoipenda kwa sababu ya jambo la dakika moja.

Programu ikishapakiwa, usirudishe moduli pale pale. Ihamishie pini 10 na 11 kwa kutumia maktaba ya SoftwareSerial, inayozifanya pini za kawaida zitumike kama za siriali:

SoftwareSerial bt(10, 11);

Pini ya 10 inapokea, kwa hiyo TXD ya moduli (pini yake ya kutuma) iende huko. Pini ya 11 inatuma volti 5, ilhali RXD ya HC-05 (pini yake ya kupokea) imetengenezwa kwa 3.3, hivyo weka rezista ya 1 kΩ kutoka pini 11 hadi RXD, na nyingine ya 2 kΩ kutoka RXD hadi GND (ardhi). Hapo moduli itapata takriban 3.3. Wapo wanaounganisha bila rezista na moduli ikaendelea kufanya kazi. Mimi siishauri, kwa sababu siku itakapoharibika itakuwa vigumu kujua kilichoiharibu. Kasi ya kawaida ya HC-05 ni baudi 9600, na SoftwareSerial inaimudu vizuri.

Ikiwa ubao bado haujibu hata baada ya kuchomoa kila kitu, usiendelee kukisia. Kuna jaribio linaloigawa njia ya data katikati, na nadhani kila anayeanza angefundishwa hili kabla ya somo la taa. Unganisha RESET na GND kwa waya, ili chipu kuu ilale na isiingilie. Kisha unganisha pini 0 na pini 1 kwa waya mwingine. Fungua dirisha la siriali la IDE, andika herufi chache, tuma. Zikirudi kama ulivyozituma, ung'oe ule waya wa 0 na 1 utume tena, sasa zisirudi. Matokeo yakiwa hivyo, kompyuta, draiva, kebo na CH340 vyote ni vizima, na shida iko mbele yake: chipu kuu, mfumo wa kuiwasha upya, au umechagua aina isiyo sahihi ya ubao kwenye menyu ya IDE. Zisiporudi kabisa tangu mwanzo, kagua CH340 na njia zake kwenye ubao.

Herufi zikirudi ila kupakia kukashindikana, ondoa nyaya hizo za jaribio kisha tazama taa yenye alama L pale kupakia kunapoanza. Kompyuta huiwasha upya chipu kuu kupitia laini iitwayo DTR, inayopita kwenye kapasita ya 0.1 µF hadi RESET. Programu ndogo ya kuanzishia, ambayo mafundi huiita butiloda, huamka, humemetesha taa hiyo na kusubiri takriban sekunde moja tu. Taa isipomemeta, huenda ishara haifiki. Shikilia kitufe cha riseti kwa kidole, bonyeza kupakia, na uachie kitufe mara tu IDE inapomaliza kutafsiri programu na kuanza kuituma. Ikikubali kwa njia hiyo, kosa liko kwenye kapasita au laini ya DTR. Isipomemeta hata ukibonyeza riseti kwa mkono, yawezekana butiloda imefutika, na hiyo huandikwa upya kwa kutumia ubao mwingine wa Uno kama kichomeo, yaani kifaa cha kuandikia chipu.

Sasa Ubuntu. Fungua terminali uandike:

sudo dmesg -w

Kisha chomeka ubao ukitazama mistari inayotokea. Usipoona mstari wowote, huenda kebo hiyo ni ya kuchajia tu, haina nyaya za data. Kwako sidhani, iwapo ni kebo ile ile iliyofanya kazi kwenye Windows. Ninachotarajia utakiona ni ttyUSB0 (jina la poti kwenye Linux) ikitokea, kisha papo hapo mstari unaotaja brltty, halafu taarifa kwamba ch341, draiva inayoihudumia CH340, imetenganishwa. brltty ni programu inayowasaidia wasioona kutumia kompyuta kwa vifaa vya nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu ya CH340 yenye utambulisho ule ule wa 1a86:7523, na katika Ubuntu 22.04 programu hiyo huunyakua ubao wako ikidhani ni kifaa chake. Kama hakuna anayehitaji nukta nundu kwenye kompyuta hiyo, iondoe:

sudo apt remove brltty

Kama yupo anayeihitaji, tafadhali usiiondoe. Zima tu ile kanuni moja ya udev (sehemu ya Linux inayotambua vifaa vinavyochomekwa) yenye namba 1a86 na 7523, na kifaa chake kitaendelea kufanya kazi mradi hakitumii utambulisho huo.

Poti ikishatulia, huenda ukakutana na «Permission denied». Hapo mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti:

sudo usermod -a -G dialout $USER

Toka kwenye akaunti uingie tena, la sivyo hutaona mabadiliko. Kuna watakaokushauri uandike chmod 666 kwenye poti, yaani kuifungulia kila mtumiaji. Itafanya kazi mpaka utakapochomoa ubao, kisha utaanza upya.

Jambo dogo la mwisho, kwa kuwa litakukuta: ubao ukianza kujibu lakini dirisha la siriali likajaa herufi zisizosomeka, linganisha namba ya kasi iliyo ndani ya Serial.begin na ile iliyochaguliwa kwenye dirisha hilo. Na funga dirisha au programu nyingine yoyote inayoisoma COM5 kabla ya kupakia, maana Windows huipa programu moja tu poti kwa wakati mmoja.