Kikundi cha Mawe: Kaunta Buku Kwanza, Nyundo Baadaye

Wiki iliyopita niliweka picha za kikundi chetu tukiwa kwenye shule moja ya sekondari hapa Arusha, mawe yamepangwa mezani na wanafunzi wamejazana. Kesho yake nikapata ujumbe kutoka kwa kijana wa Tanga: "Shikamoo dada. Mimi napenda mawe tangu nikiwa mdogo, nyumbani nimejaza ndoo nzima mpaka mama analalamika. Nataka kuanzisha kikundi kama chenu. Nianzie wapi, na mtaji ni shilingi ngapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliandike hapa kwa sababu najua mpo wengi. Mtu asiyeweza kupita kwenye kokoto za ujenzi bila kuinama anajijua.

Niseme kwanza ya shuleni, maana furaha yake bado ninayo. Mwalimu wa jiografia alituambia kwamba siku zote amefundisha miamba kwa kuchora ubaoni. Safari hii wanafunzi walishika. Tulianza na jiwe la kwao wenyewe, lile jeusi lenye vitundu ambalo nyumba nyingi za Arusha zimejengewa msingi, tukawaambia limetoka tumboni mwa Mlima Meru likiwa lava, uji wa moto wa mawe. Binti mmoja alilizungusha mkononi, akachungulia kitundu kimoja baada ya kingine, kisha akauliza kama hewa iliyokuwa imenaswa humo ilikuwa ya moto. Ilikuwa ya moto, tena sana. Tangu siku hiyo nalisimulia swali hilo kwa kila ninayekutana naye, na wanakikundi wenzangu wanajua kuwa nilitokwa na machozi.

Sasa mtaji. Hakuna mtaji wa kukutisha. Trei za mayai za kupangia mawe, omba dukani. Kigae cha chooni kilichovunjika, geuza upande wa nyuma usio na mng'ao, sugulia jiwe pale uone unga wake una rangi gani. Msumari, kipande cha kioo, sumaku ya spika mbovu, ndimu. Ndimu ikitoa povu juu ya jiwe, hapo pana chokaa. Kucha yako inakwaruza jasi lakini haikwaruzi jiwe la chokaa. Kisu kinakwaruza jiwe la chokaa lakini kwatzi kitaiacha kama ilivyo, kwa sababu kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, na kisu cha kawaida hakifiki 6. Baadaye mkichanga, nunueni kioo cha kukuzia cha sonara, kile cha mara kumi. Basi.

Kitu cha kununua siku ya kwanza kabisa, kabla ya nyundo, ni kaunta buku nene. Nitalirudia jambo hili mpaka mchoke. Kila jiwe linaloingia kwenye kikundi lipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kaunta buku pamoja na mahali lilipotoka, tarehe, aliyelileta, na aliyetoa ruhusa ya kulichukua. Mahali paandikwe ili mtu mwingine aweze kwenda: kijiji, mto, upande gani wa barabara, umbali gani kutoka kwenye daraja au shule. "Longido" peke yake haitoshi, Longido ni wilaya nzima. Kwenye jiwe lenyewe weka doa dogo la rangi nyeupe ya kucha, likauke, andika namba kwa kalamu nyembamba ya wino usiofutika, kisha funika kwa rangi ya kucha ya maji isiyoonekana. Weka doa upande wa chini, usiharibu uso wa jiwe.

Sisi tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyuma ya duka langu la vifaa vya shule. Wako wanaodhani kikundi cha mawe ni cha wasomi wa jiolojia. Kwetu hayupo hata mmoja. Yupo babu aliyeendesha mtambo wa kuchimba visima vya maji nusu ya maisha yake, anayejua kilichoko chini ya vijiji vingi kuliko wenye vijiji. Yupo kijana wa bodaboda, macho yake makali, anaona jiwe tofauti barabarani akiwa kwenye mwendo. Yupo mkata vito, mwanafunzi wa kidato cha sita, na yupo bibi aliyechekecha vifusi kwenye machimbo ya tanzanaiti ya Mererani kwa miaka mingi akilea watoto wake kwa vipande ambavyo wenye mashimo hawakuviona.

Bibi huyu ndiye chuo chetu. Siku moja alikuja kijana na jiwe la bluu limefungwa kwenye karatasi, ameuziwa na mtu aliyejiita broka. Mkata vito alitaka kuchukua kioo cha kukuzia, bibi akamzuia. Alilishika kwa vidole viwili, akaenda dirishani, akalizungusha taratibu. Bluu. Akaligeuza ubavu. Bluu ileile. Akaligeuza tena kichwa chini. Bluu. "Tanzanaiti haikai hivi, mwanangu," akasema, "ukiigeuza inabadilika." Na ni kweli: tanzanaiti ukiitazama upande mmoja ni bluu, upande mwingine inaelekea zambarau, na ambayo haijapikwa kwenye moto huonyesha hata wekundu wa kahawia. Ndipo mkata vito akapewa zamu, akaona viputo vya hewa ndani, vya duara kabisa. Kioo cha chupa. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu. Bibi akamnunulia chai, na mwezi uliofuata akarudi kama mwanachama.

Ukitaka kikundi kidumu, tafuta mtu kama bibi huyu kabla hujatafuta mwenye cheti. Mheshimu, mpe kiti cha mbele, na anayoyasema yaandikwe kwenye kaunta buku.

Babu naye alituletea kitu ambacho mpaka leo ndicho fahari ya meza yetu: kipande cha lava ya Oldoinyo Lengai alichopewa zamani na mpanda mlima. Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo, yenye magadi badala ya silika (ile iliyomo kwenye mchanga na kwatzi), na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava za kawaida huzidi 1,000. Inatoka nyeusi kama lami. Ikipata unyevu inaanza kuwa nyeupe na kusagika. Babu alikuwa amekihifadhi kwenye chupa ya kahawa iliyozibwa kwa nta, na ndani amejaza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Tuliwahi kutoa punje moja tukaiacha kwenye kisosi msimu wa masika. Haikuchukua muda ikawa unga mweupe unaoupeperusha kwa pumzi. Ndani ya lava hiyo kuna madini yanayoitwa nyerereaiti, yamepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Nilipowaambia wanafunzi hilo, darasa zima lilisimama kuja kuchungulia chupa. Watoto wetu wanajua majina ya magari ya nje na hawajui kwamba Mwalimu ana madini yake, hapo hapo mkoani kwao.

Naomba mnivumilie kwa hili linalofuata, maana bado linaniuma. Tulianza watu wachache, na mmoja wao nilimwamini kuliko wote. Ndiye aliyetunza sanduku la mawe ya pamoja. Taratibu akaanza kualika wanunuzi kwenye vikao. Kikao kikageuka soko. Hakuna tena aliyeuliza jiwe hili ni nini, kila mtu aliuliza ni shilingi ngapi. Bibi akaacha kuonyesha mawe yake. Mwanafunzi wetu wa wakati huo akaacha kuja. Tulipopiga kura kwamba ndani ya kikao hakuna kununua wala kuuza, mwenzangu akaondoka, na sanduku likaondoka naye. Hakuaga. Namba yangu aliizuia.

Miezi ikapita. Jumamosi moja akaja mama mmoja na jiwe alilonunua mjini, la kijani lenye madoa meusi na rubi mbili zimechomoza, ukubwa wa ngumi. Aliambiwa limetoka nje ya nchi. Mimi moyo ulianza kwenda mbio kabla hajaliweka mezani. Nililigeuza. Chini palikuwa na mikwaruzo ya wembe, na ndani ya ufa mwembamba, ambako wembe haukufika, rangi nyeupe ya kucha ilikuwa imebaki, na juu yake mkia wa tarakimu, yaweza kuwa 7, yaweza kuwa 9. Babu alivaa miwani, akafungua kaunta buku, akashuka na kidole ukurasa hadi ukurasa. Tukalipata. Zoisaiti ya kijani yenye rubi, kutoka Mundarara, wilayani Longido. Rubi mbili zenye pembe sita, moja imemeguka kona. Limenunuliwa kwa mwenye leseni, risiti imebanwa ukurasa huohuo. Mama yule alitaka kuturudishia. Tulikataa, alilinunua kwa pesa yake. Tulimwandikia lebo mpya, sasa liko sebuleni kwake na historia yake kamili, na yeye ndiye mweka hazina wetu.

Sanduku lilikwenda lakini kaunta buku lilibaki kwangu, ndiyo maana nalisema sana. Mawe mengine yote yaliyoondoka siku ile nimeyakubali kuwa yamekwenda, ila najua kila moja lilitoka wapi, na aliyeyauza hajui.

Na msidhani kuandika ni jambo la vikundi vidogo tu. Angalieni tanzanaiti yenyewe. Iligunduliwa 1967, ikapewa jina la biashara na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York mwaka uliofuata, na dunia ikaijua. Lakini nani aliitangulia kuiona? Wako wanaomtaja Manuel de Souza, aliyesajili eneo, na wako wanaomtaja Jumanne Ngoma. Mzee Ngoma alisubiri mpaka 2018 ndipo Rais John Magufuli akamtambua hadharani na kumpa shilingi milioni 100, akiwa mzee na mgonjwa. Miaka hamsini na zaidi! Ndiyo maana kwenye kaunta buku letu safu ya "aliyeokota" haiachwi wazi hata kama aliyeokota ni mtoto wa darasa la pili.

Vijana, nawaambia kwa upendo: acheni kuingia kwenye mawe kwa tamaa ya utajiri wa siku moja. Nayajua mawazo yenu. Mwaka 2020 Saniniu Laizer aliuza serikalini vipande viwili vya tanzanaiti, kimoja cha kilo 9.27 na kingine cha kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na kila mtu akaanza kuota. Laizer ni mchimbaji mwenye leseni na watu wa kazi. Kikundi cha kukusanya mawe ni kitu kingine. Huku unakuja kujifunza kuona. Ukija na tamaa utaibiwa, au utaiba.

Na sheria msiichezee. Sheria ya Madini ya 2010 inataka leseni kwa anayetafuta, anayechimba na anayefanya biashara ya madini. Kulipenda jiwe si leseni. Sisi kabla ya kwenda popote tunapita ofisi ya Afisa Madini Mkazi, tunaeleza tunakwenda wapi na kufanya nini, kisha tunapita kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mwenye shamba. Mererani, ndani ya ukuta wa kama kilomita 24 unaozunguka machimbo ya tanzanaiti, hatuendi kuokota kitu. Hifadhi za taifa, hata kokoto tunaiacha ilipo. Vito tunavyovitaka kwa kujifunzia tunanunua kwa mwenye leseni na risiti tunaibana kwenye kaunta buku. Mnaona tumerudi palepale.

Kwako sasa, mdogo wangu wa Tanga. Uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Bonde la Umba, kuelekea mpaka wa Kenya, linajulikana duniani kwa vito, yakuti za rangi nyingi na ganeti, kwa hiyo hapo mjini hawakosi wazee waliofanya kazi huko. Watafute vijiweni, uliza kwa heshima, usiende na mikono mitupu, sukari na majani ya chai vinatosha. Mapango ya Amboni nendeni mkatazame jinsi maji yanavyolila jiwe la chokaa na kulijenga upya, lakini yanalindwa, msivunje kitu. Fukweni mtapata mawe ya matumbawe ambayo nyumba za kale za pwani zilijengwa nayo. Yaliyoko kwenye magofu yaacheni.

Jumamosi ya kwanza msiende porini. Kaeni chini ya mwembe, kila mmoja alete mawe aliyonayo, na yale ambayo hakuna anayekumbuka yalikotoka yawekeni trei ya pembeni kwa ajili ya kujaribia msumari na ndimu. Yaliyobaki yapeni namba, hata yakiwa manne. Ile ndoo yako anza nayo kesho, kabla hujasahau zaidi. Kuhusu ada, sisi tunachanga elfu mbili kwa mwezi na mwanafunzi halipi. Nitakutumia picha za kurasa mbili za kaunta buku letu uone tulivyopiga mistari. Safu ya mahali iache pana, sisi ya kwetu ilikuwa nyembamba na sasa babu anaandikia pembeni.