Kipa wa asilimia 75 na kipa wa asilimia 80: nani akae benchi?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni meneja wa timu ya hoki ya wanawake hapa Kampala, na mechi zetu nyingi tunachezea Lugogo. Tuna makipa wawili. Wa kwanza amepigiwa mashuti 60 yaliyolenga lango, ameokoa 45, yaani asilimia 75. Wa pili amepigiwa 45, ameokoa 36, yaani asilimia 80. Viongozi wanataka wa kwanza akae benchi. Mashuti ya kona fupi (pigo la adhabu linaloanzia mstari wa goli baada ya kosa la walinzi) niliyaandika kando: wa kwanza alipigiwa 35 akaokoa 23, wa pili alipigiwa 10 akaokoa 6. Je, takwimu hizi zinatosha kuamua? Na mechi ikifika mikwaju ya kumpata mshindi, nimweke nani langoni?

JIBU: Ndugu meneja, usimweke benchi kwa hesabu hiyo. Jibu lako umelibeba mwenyewe kwenye hayo uliyoandika kando, na nakupongeza kwa kuyaandika, maana timu nyingi haziandiki.

Tuyatenganishe mashuti. Kwenye kona fupi, kipa wa kwanza ameokoa 23 kati ya 35, karibu asilimia 66. Wa pili ni 6 kati ya 10, asilimia 60. Mashuti yaliyobaki ni ya mchezo wa kawaida: wa kwanza ameokoa 22 kati ya 25, asilimia 88, wa pili 30 kati ya 35, karibu asilimia 86. Kumbe wa kwanza yuko mbele kote kuwili, lakini ukijumlisha anaonekana yuko nyuma! Sababu ni mzigo. Zaidi ya nusu ya mashuti aliyopigiwa yalitoka kwenye kona fupi, ambako walinzi hawazidi watano naye akiwemo, mpira umepangwa, na mpigaji amejiandaa. Mwenzake mengi yamemjia wakati walinzi wote wako mbele yake. Wakipewa mashuti ya mchanganyiko uleule, yaani 45 ya kona fupi na 60 ya kawaida, kila mmoja kwa kiwango chake, wa kwanza angefika kama asilimia 78 na nusu, wa pili karibu 75.

Hata hivyo, usikimbilie kutangaza kwamba wa kwanza ndiye bora. Mashuti ni machache mno. Kwenye zile 10 za kona fupi, mpira mmoja tu ukiokolewa badala ya kuingia, yule wa pili anapanda kutoka 60 hadi 70. Kwa mashuti 60, kipimo cha kawaida cha takwimu kinasema asilimia 75 inaweza kuwa chochote kati ya 64 na 86 hivi. Kwa 45, asilimia 80 yako inaelea kati ya 68 na 92. Wanaingiliana karibu kote. Waambie viongozi hivi: namba hazijamtofautisha yeyote, na hakuna hata moja inayomhukumu wa kwanza.

Wenzetu wa hoki ya barafu wamelisumbukia jambo hili miaka mingi. Katika ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, kipa anayecheza mara nyingi hupigiwa mashuti zaidi ya 1,500 kwa msimu mmoja, na wastani wa kuokoa siku hizi uko karibu na asilimia 90. Kipa Dominik Hašek alifika 93.7 msimu wa 1998–99, na huko hiyo ni kazi ya ajabu. Lakini hata kwa mashuti 1,500, bahati peke yake inaweza kumsogeza kipa zaidi ya asilimia moja juu au chini. Ndiyo maana wachambuzi wao hulipa kila shuti uzito wake kufuatana na umbali na pembe lilikotoka, kisha wanauliza: kipa wa kawaida angefungwa mangapi hapa, na huyu amefungwa mangapi? Usizilinganishe asilimia zao na zetu, lakini swali lao lichukue.

Kwa daftari lako, ongeza vitu viwili. Andika shuti lilipigwa katikati ya duara (eneo la mbele ya goli ambamo bao hufungwa) au pembeni kwenye pembe finyu. Na andika mpira alioutema ulielekea wapi. Kipa anayeokoa kwa pedi na kuurudisha mpira miguuni mwa mshambuliaji amepata alama ya kuokoa, kisha shuti la pili linahesabiwa upya kana kwamba ni ajali. Mimi hilo naliona kubwa kuliko idadi ya mechi bila kufungwa, ambayo mara nyingi inawasifu mabeki.

Kuhusu mikwaju, hesabu yake ni mbali kabisa. Mshambuliaji anaanza na mpira kwenye mstari wa mita 23, ana sekunde 8, na kipa anatoka kumkabili. Hapo ni subira, miguu na kujua lini usilale chini. Fainali ya wanawake ya Rio 2016, Uingereza na Uholanzi zilitoka 3–3, na kipa wa Uingereza Maddie Hinch hakuruhusu hata bao moja kwenye mikwaju, Uingereza wakashinda 2–0. Wapambanishe makipa wako wote wawili na washambuliaji walewale mazoezini kila wiki, andika matokeo kwenye ukurasa wake, na siku ya mechi umweke anayeongoza ukurasa huo, hata kama si yeye aliyeanza.