Muulize Fundi: Deki ndogo inacheza, TV imebaki nyeusi

SWALI: Assalaam aleykum, fundi. Kaka yangu anayefanya kazi Muscat aliniletea deki ndogo ya DVD, ile ya kubebea yenye kioo chake cha kufunua. Kioo ni cha inchi 9. Nina diski ya harusi yangu ya mwaka 2009, na humo yumo marehemu mama. Wanangu hawakumdiriki bibi yao, nataka wamwone, lakini kile kioo hakitutoshi watu sita. Nimechukua waya wa king'amuzi wenye pini ndogo upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili, nikaunganisha kwenye TV yetu ya flat inchi 32. Kwenye deki harusi inaonekana vizuri. Kwenye TV hakuna picha, ni mngurumo tu. Kijana mmoja anayejua mambo ya umeme amesema deki imekufa upande wa kutolea picha, ninunue nyingine. Nifanyeje?
Mama wa watoto wanne, Muheza

JIBU: Waaleykum salaam, dada yangu. Mungu amrehemu mama. Pesa yako iweke kwanza, usinunue deki nyingine. Deki inayosoma diski na kuonyesha picha kwenye kioo chake iko hai: mota inazunguka, lenzi inasoma, ubao unafanya kazi. Tundu la kutolea picha huweza kufa, ni kweli, lakini likifa kwa kawaida hunyamaza kimya. Wewe umepata mngurumo. Mngurumo maana yake kuna umeme unapita, ila unapita njia isiyo yake. Mimi namshuku huyo waya wa king'amuzi.

Uchukue uutazame kwenye mwanga. Pini yake ndogo ina mistari mitatu inayoigawa vipande vinne: ncha, vipande viwili vya kati, na kipande cha shinani kilicho karibu na plastiki. Kipande kimoja hubeba picha, kingine sauti ya kushoto, kingine sauti ya kulia. Cha nne ni ethi, yaani njia ya kurudia umeme, na picha na sauti zote zinaitegemea hiyo. Shida inaanzia hapa, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana kipande kipi kibebe nini. Waya wa king'amuzi, wa kamera ya video na wa deki yako zinaweza kuwa na sura moja kabisa, zikauzwa kwenye kapu moja kwa bei moja, na ndani kila moja ikawa na mpangilio wake. Wapo walioweka ethi shinani. Wapo walioiweka kipande kinachofuata, na shinani wakapitisha picha au sauti. Ukichomeka waya wa hawa kwenye deki ya wale, ethi ya TV inakutana na picha au sauti ya deki, na unapata mngurumo na giza.

Jambo hili linaniuma, nalisema wazi. Deki nzima kabisa zinaletwa mezani kwangu zikiwa zimeshahukumiwa kifo, nyingine zimeshafunguliwa na nati zimepotea, na kosa lilikuwa la waya wa bei ndogo kuliko nauli ya kuja. Ndiyo maana kwenye sanduku langu kila waya wa aina hii nimeufunga gundi ya karatasi na kuandika ethi yake iko wapi.

Sasa fanya hivi. Punguza kwanza sauti ya TV, mngurumo mkali unaweza kuchana spika. Hakikisha pini umeichomeka kwenye tundu lililoandikwa AV au AV OUT. La hedifoni liko jirani yake na yanafanana, na kama spika za deki zinanyamaza mara tu unapochomeka, huenda umeingia humo. Kisha sukuma pini mpaka uisikie imekaa. Waya nyingi zina shingo nene ya plastiki, na tundu la deki ndogo limezama ndani kidogo, kwa hiyo shingo inagonga bodi kabla pini haijafika mwisho. Kama ndivyo, ichonge shingo hiyo kwa wembe taratibu, plastiki tu, usiguse chuma.

Bado giza? Nenda upande wa TV. Kichwa cha njano kitoe, mahali pake weka chekundu. Tazama. Halafu weka cheupe. Usiogope kuharibu kitu, mkondo wa picha hapo ni kama volti 1 tu. Kwenye baadhi ya waya ethi huwa iko sawa ila picha imepita kwenye chekundu au cheupe, na ukibadilisha hivi unaiona harusi papo hapo. Iache hapo ilipo, vichwa viwili vinavyobaki viingie kwenye matundu ya sauti, na usijali kwamba rangi hazilingani.

Ukibadilisha vyote na hakuna kinachotoka, basi ethi haikutani na ethi, na kuhamisha vichwa hakutasaidia tena. Hapo mtafute fundi mwenye mita. Deki ikiwa imezimwa na chaja imetolewa, achomeke pini kwenye tundu la AV, aweke mita kwenye mlio, ncha moja aguse pete ya nje ya kichwa cha njano, nyingine upande hasi wa tundu la chaja. Ikilia, ethi iko sawa. Isipolia, waya huo si wa deki hiyo. Atakayekwambia deki imekufa bila kupima hivyo, mshukuru kisha uondoke.

Muulize na kaka yako kama kwenye boksi hakubakia waya mweusi wenye pini na vichwa vitatu. Huja na deki, watu huuona ni takataka. Usipopatikana, nenda dukani na deki yenyewe mkononi, ikiwa na chaji na diski ndani, ujaribu kwenye TV ya duka kabla ya kulipa.

Upande wa TV ni mwepesi zaidi. Kama tundu la njano halipo, tafuta la kijani lililoandikwa Y na VIDEO pamoja. Kwenye TV nyingi za flat tundu hilo hufanya kazi mbili, na kichwa cha njano huingia humo. Kwenye rimoti bonyeza SOURCE au INPUT na uchague AV. Ukichagua COMPONENT utapata picha isiyo na rangi na utadhani kuna ugonjwa mwingine. Na tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza tarehe 31 Desemba 2012, kwenye nyumba nyingi tundu la AV limeshikwa na king'amuzi. Kama chako kina HDMI, kihamishie huko na uliachie deki AV moja kwa moja. Usiunganishe king'amuzi na deki kwenye tundu moja kwa kigawanyio, viwili hivyo vitapigana.

Picha ikitoka haitang'aa kama ya filamu za simu za leo. DVD ya mfumo wetu ina nukta 720 kwa 576, na waya wa njano unapunguza ukali kidogo tena. Kwenye inchi 32 inatazamika vizuri ukikaa mbali kidogo. Watu wakionekana wanene, ingia mipangilio ya TV ubadilishe upana kutoka 16:9 kwenda 4:3, kwani kamera nyingi za harusi za miaka ile zilipiga kwa umbo hilo.

Ombi langu kwako, dada, ni kuhusu diski yenyewe. Diski za kurekodiwa, hizo wapiga picha wa harusi wanazotupa, zimeandikwa kwenye rangi inayochakaa kwa jua na joto. Ya mwaka 2009 imeshakaa muda mrefu. Kabla hata waya haujapatikana, ipeleke kwa mtu mwenye kompyuta yenye mlango wa DVD, anakili folda yote iitwayo VIDEO_TS. Diski ya kawaida haizidi GB 4.7, flashi ya GB 8 inatosha. Weka nakala nyingine kwa kaka huko Muscat. Diski usiiandike kwa kalamu ya wino wala kuipangusa kwa mduara. Ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Deki zinanunulika. Sauti ya mama yako ikiimba kwenye harusi yako hainunuliki.

SWALI: Shikamoo fundi. Dada yangu aliyeko Marekani amenitumia deki ndogo ya DVD. Nimeiunganisha kwenye TV yetu ya chogo kwa waya wake wenyewe. Picha inatoka lakini ni nyeusi na nyeupe, na inapanda juu bila kusimama. Chaja nayo naogopa kuichomeka ukutani, natumia betri tu.
Kijana wa Nyakato, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umefanya vyema kuogopa. Soma maandishi madogo kwenye chaja, mbele ya neno INPUT. Ikiwa imeandikwa 100-240V, ichomeke bila wasiwasi, unahitaji kibadili pini tu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza papo hapo. Nunua chaja nyingine yenye volti ileile iliyoandikwa kwenye tundu la deki, mara nyingi 9 au 12, na alama ya chanya na hasi ifanane.

Picha inapanda kwa sababu Marekani wanatumia mfumo wa NTSC, mistari 525 na picha zinazokwenda kwa mapigo 60 kwa sekunde. Sisi ni PAL, mistari 625 na mapigo 50. TV nyingi za flat huelewa yote mawili, za chogo nyingi hazielewi. Simamisha diski kabisa, au itoe, maana deki nyingi hazifungui ukurasa huu diski ikiwa inazunguka. Ingia SETUP, tafuta TV TYPE au TV SYSTEM, chagua PAL. Ukiona kuna AUTO au MULTI, hiyo huituma kila diski kwa mfumo wake wa asili, hivyo kwa TV yako chagua PAL. Deki nyingine za Marekani zina NTSC pekee. Ikiwa ni hiyo, ingia mipangilio ya TV, kwenye COLOR SYSTEM, ujaribu NTSC huko.

Diski halisi za filamu pia zina namba ya eneo. Marekani ni eneo la 1, Tanzania ni la 5. Diski ya dukani ikikataa kusoma kwenye deki hiyo, usidhani lenzi ni mbovu. Za harusi, kaswida na kwaya zilizorekodiwa mitaani kwa kawaida hazina kizuizi hicho.

SWALI: Habari za kazi, fundi. TV yangu mpya ina HDMI na USB pekee. Nilijaribu waya wa kutoka deki hadi USB, ikakataa. Nikanunua kiboksi cha kubadilisha AV na HDMI, nacho kimya. Je, nimelaghaiwa?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. USB ya TV husoma faili zilizo kwenye flashi, haipokei picha inayocheza kutoka kwenye deki, kwa hiyo hilo liache. Kiboksi kigeuze usome maandishi yake. Kinachokufaa kimeandikwa AV2HDMI. Mwenzake ni HDMI2AV, wamefanana mno hata wauzaji huwachanganya, na kila mmoja hufanya kazi upande mmoja tu kama mlango wa basi unaofunguka nje. Ukikuta HDMI2AV, kirudishe ubadilishiwe. Ukikuta ni chenyewe, angalia kama umekipa umeme. Kinahitaji volti 5 kupitia kiwaya chake kidogo, na hapo ndipo ile USB ya TV yako inapofaa. Taa ya kiboksi ikiwaka na TV bado inasema No Signal, rudi kwenye jibu la dada wa Muheza kuhusu pini. Na kabla ya yote chunguza nyuma ya TV: zipo nyingi zenye tundu dogo la duara lililoandikwa AV IN, linalotaka kiwaya maalumu kilichokuja ndani ya boksi.

SWALI: Fundi, deki yangu ya kubebea imeacha kusoma diski, inazunguka kisha inaandika No Disc. Lenzi nimeisafisha. Nitupe?
Mzee wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Shikamoo mzee wangu, usiitupe. Kama ina AV IN, au swichi ya kuhama kati ya DVD na AV, kioo chake bado ni TV ndogo inayokula umeme kidogo. Iweke kwenye AV IN, uiunganishe na king'amuzi kwa waya wenye mpangilio sahihi wa pini. Kuna deki ambazo tundu la kutolea na la kuingizia ni hilohilo moja, swichi ndiyo inayoamua, kwa hiyo ihamishe kabla ya kuchomeka. Kwa sauti kubwa zaidi, toa waya kutoka tundu la hedifoni uupeleke kwenye redio yenye AUX, na sauti ya deki uiweke nusu ili isikwaruze.