Usimlipe mtu ukoko: niliyojifunza kwenye mgahawa wangu Mwanga

Mwakeye ndugu zangu.

Mi nina kamgahawa hapa Kigoma, Mwanga, sio mbali na soko, asubuhi chai na chapati, mchana ugali wa muhogo na migebuka, wale samaki wa ziwani kwetu, mwaka wa tisa huu. Juzi kuna mdogo wangu mmoja kafungua biashara ya chakula jirani akaja kuniuliza, dada hawa wanaolala kwenye mabaraza unaishi nao vipi mbona kwako hawana fujo. Nikacheka, maana angenijua miaka miwili mitatu nyuma asingeniuliza mimi.

Nianze na aibu yangu basi. Mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, hakuna kuvua. Mji ulinyauka jamani. Kule mwaloni Kibirizi ambako ukifika alfajiri unasikia kelele za dagaa kabla hujawaona dagaa wenyewe palikuwa kimya kama kuna msiba, na mtu ambaye anaishi kwa kubeba mizigo ya siku atalipaje kodi ya chumba miezi mitatu, kwahiyo wiki ya nne ya tano hivi nikaanza kuona sura ninazozijua kabisa zinalala mbele ya maduka. Wengine sio wa hapa. Huku ndo mwisho wa reli, mtu anaambiwa Dar kuna kazi ziwani, anapanda treni zaidi ya kilomita 1,200, anashuka hapa kazi hakuna na nauli ya kurudi hana. Mi nikisikia mtu anasema hawa wote wavuta bangi tu huwa namwangalia.

Kati yao kulikuwa na kaka mmoja ametokea Kaliua, miaka thelathini hivi, mpole. Akawa analala barazani kwangu. Asubuhi nikifika ameshafagia, ananiambia shikamoo mama, nikampa kazi ndogondogo, achanje kuni, achote maji, asugue masufuria. Malipo? Ukoko. Ukoko wa wali na mchuzi uliobaki, na mi moyoni najiona nina huruma sana, hata kanisani nilikuwa naweza kusimama nikasema.

Siku moja akaja saa saba mchana, mgahawa umejaa, akavuta kiti akakaa. Kaagiza ugali migebuka kama watu. Nikamfuata nikamwambia baba nenda kakae kule nyuma, kule kwenye vyombo vichafu yani, akainuka bila neno akaenda. Alipomaliza akatoa msimbazi. Hapo ndo nilipoharibu, nikaichukua ile elfu kumi nikainyanyua kwenye mwanga mbele za watu, nikamuuliza umeitoa wapi hii. Kumbe alishusha saruji bandarini siku mbili. Akanijibu taratibu, "Mama, yule pale umemuuliza ametoa wapi yake?" Yule pale alikuwa fundi gereji, kalipa elfu kumi vilevile, ana oil mpaka kwenye nyusi. Sikuwa na jibu. Nikampa chenji yake, mkono unanitetemeka kidogo, na wiki nzima hakulala barazani kwangu, alihamia kwa muuza nguo.

Alivyorudi nilimwomba msamaha, tukakaa tukaongea bei. Ndo ushauri wangu wa kwanza na kwakweli ndo mkubwa, mengine yote yanatoka humo. Kazi ina bei. Kama kijana mwenye kwao anayekuja kuosha vyombo unamlipa elfu tatu asubuhi mpaka saa nane, huyu wa barazani naye elfu tatu, taslimu, siku ileile, na bei mnataja kabla hajashika sufuria. Chakula ukitaka kumpa mpe lakini kisiwe ndo mshahara. Mtu hawezi kupanga chumba kwa ukoko. Kama unataka atoke barazani kwako, sijui kwanini hatulioni hili, mpe hela atatoka mwenyewe.

Na hii ya ulinzi tuache. Wafanyabiashara wengi tunamwachia mtu alale pale kwasababu tunajua akiwepo wezi hawaji, alafu kikipotea kitu wa kwanza kupigwa ni yeye. Kama analinda huyo ni mlinzi, mlipe. Kama halindi basi usimdai taa iliyoibiwa usiku.

Kwangu tulikubaliana hivi: nikifunga saa nne usiku analala, saa kumi na moja alfajiri anaamka kabla sijawasha moto, maboksi yake anayaweka nyuma ya tanki. Basi. Haikuhitaji mgambo. Kuna jirani yeye alimwaga oil chafu barazani ili wasilale, si wateja wake ndo wakaanza kuteleza, mama mmoja kaharibu kitenge kipya ikabidi alipwe.

Tukija kwenye wateja. Utaambiwa, "Mama, huyu ananuka." Ni kweli kuna wakati ananuka, mtu kalala chini siku tano bila maji ungenukaje wewe. Lakini muuza dagaa akitoka Kibirizi moja kwa moja akaingia kwangu naye harufu yake unaijua kabla hajapiga hodi, mbona huyo tunamkaribisha na kiti tunamfutia. Mi niliweka ndoo, sabuni na kopo kule uani, na yoyote anayetoka kwenye kazi chafu namwelekeza, fundi, mbeba mkaa, wa barazani, wote. Ukimwambia mtu mwambie pembeni kwa sauti ya chini, usimwite kutoka jikoni. Choo pia, ukishamuuzia chai ni mteja, mteja haombi choo kwa kupiga magoti.

Sio kwamba kila mtu ni malaika. Kuna mmoja alikuja na gongo zake kavunja sahani sita na kumtukana binti wangu wa kazi, huyo nilimkataza asikanyage mwezi mzima. Ila kuna wenye bodaboda wawili nao nilishawakataza kwa matusi hayohayo. Angalia alichofanya sio anapolala.

Sasa kuna uonevu wa huku kwetu mpakani ambao unanikera sana. Mtu anafanya kazi siku nne, siku ya malipo tajiri anamwambia wewe lafudhi yako ni ya Kirundi nitakuitia uhamiaji, jamaa anakimbia, hela imeliwa. Kiha na Kirundi vinasikilizana, nusu ya watu wa Kigoma ukitusikiliza vibaya utatufukuza wote. Maswali ya vibali uliza siku ya kwanza kabla hujampa jembe. Ukishamtumia mlipe.

Na wale wa kukimbilia kusema uzururaji, ndio vifungu vipo kwenye Kanuni ya Adhabu, cha 176 na 177, vya enzi za mkoloni hivyo. Lakini ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo hapohapo Arusha ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinagongana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na Katiba yetu ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kuthaminiwa utu wake, haijasema kila mtu mwenye chumba. Akikuibia mpeleke polisi kwa wizi. Kulala sio wizi.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto wa miaka kumi na moja akija kuomba akuoshee vyombo usimpe kazi hata kama anabembeleza, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 14 hapana. Mpe chakula ale, mpigie ustawi wa jamii wa halmashauri au piga 116, ile ya watoto ni bure.

Hela zao ndo mtihani. Siku hizi laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mtu ambaye vitambulisho vyake vilipotea na begi atakuwa na laini ya jina lake wapi, kwahiyo hela anaiwekea kwa muuza duka na ndo hapo watu wanadhulumiwa, leo elfu ishirini kesho "mbona ulishachukua". Yule kaka aliniomba nimtunzie. Nikanunua daftari mbili za mia tano, moja yangu moja yake, kila akiweka tunaandika zote mbili na anaweka saini, saini yake ilikuwa K kubwa yenye mkia. Ukikubali kutunza hela ya mtu fanya hivyo, na usiichanganye na ya mauzo hata siku moja, mi naweka kwenye kopo la Blue Band.

Kitu kimoja sikufanya, kuandika namba ya mtu wa kwao. Ziwa lilipofunguliwa alirudi Kibirizi, akapanga chumba Gungu, akawa anakuja kula Jumapili na kulalamika ugali umepungua. Alafu kuna siku akasafiri ghafla, nikasikia mama yake anaumwa, aliondoka na treni bila kupita kwangu. Elfu kumi na nne mia tano yake ipo kwenye kopo mpaka leo na ukurasa wa mwisho una ile K. Treni ya kutoka Tabora ikiingia huwa namtuma binti stesheni aangalie.