Kabla ya kuchagua njia ya Kilimanjaro, uliza utalala wapi

Watu wa Dar es Salaam wanaotaka kupanda Mlima Kilimanjaro huniuliza njia ipi ni nyepesi, nami huwarudishia swali lingine: usiku wa kwanza utalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari, wa pili mita ngapi, na wa tatu je? Nilipopanda mara ya kwanza sikujua kwamba swali hili lipo, na safari yangu ikaishia katika kambi ya mwisho, Kibo, saa tano ya usiku, wakati wenzangu wamekwisha kuvaa taa za kichwani wakisubiri kuanza kupanda kuelekea kileleni.

Tulikuwa sita kutoka ofisi moja, na aliyetuandalia safari alitupeleka kwa njia ya Marangu kwa siku tano. Alitueleza kuwa njia hiyo haina miinuko mikali, na kwamba watu hulala kwenye vibanda vyenye vitanda badala ya mahema, na yote mawili ni kweli. Hesabu ya kulala ndiyo hakutueleza. Mandara iko takribani mita 2,700, Horombo takribani mita 3,700, na Kibo takribani mita 4,700, kwa hiyo kila siku tulikuwa tukipandisha mahali pa kulala kwa mita elfu moja nzima. Madaktari wa maradhi ya mwinuko hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000 asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku moja ya kutopanda zaidi. Sisi tulishuka kwenye basi usiku tukitoka mji ulio kando ya bahari, na asubuhi yake tukawa getini.

Pale Kibo sikuweza kumeza hata supu. Nilijaribu kufunga kamba za buti mara tatu, nikiziona vizuri kabisa mkononi, lakini vidole havikufuata nilichotaka. Kiongozi wetu, mtu mzima mwenyeji wa Marangu, alichora mstari kwenye vumbi mbele ya mlango kwa ncha ya fimbo yake, akaniambia, "Dada, hebu pita juu ya mstari huu, kisigino kiguse kidole." Hatua ya nne nikapepesuka. Nilianza kumsihi, naye akanijibu kwa upole kwamba tunashuka wakati uleule, hatungoji kupambazuke. Tulipofika Horombo maumivu ya kichwa yalikuwa yamepungua, na nikaomba chai.

Namshukuru mzee yule hadi leo, kwa kuwa baadaye nilijifunza kwamba kupepesuka namna ile huweza kuwa ishara ya ubongo kuanza kuvimba, kama vile kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, pamoja na kikohozi, kunavyoweza kuwa ishara ya mapafu kujaa maji. Katika hali zote mbili tiba ya kwanza ni kushuka, hata kama ni usiku wa manane. Mazoezi hayamkingi mtu na maradhi haya. Wa kwanza kutapika kati yetu alikuwa kijana anayekimbia kilomita kumi kila Jumamosi. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni takribani nusu ya ule wa pwani, na mwili hujizoesha hali hiyo kwa kupewa siku za kutosha.

Mara ya pili nilichagua Machame kwa siku saba, njia ambayo wengi huiogopa kwa kuwa ni ya mahema na ina ukuta wa Barranco, ambapo lazima utumie mikono kupanda. Siku ya tatu ya njia hiyo ndiyo iliyonifunza zaidi. Unatoka Shira, unapanda hadi Lava Tower, takribani mita 4,600, unakula chakula cha mchana pale, kisha jioni unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kichwa kilinianza kuuma pale Lava Tower kama kilivyoniuma Kibo, nikaingiwa na hofu, lakini kadiri tulivyoshuka bondeni maumivu yaliachia, na usiku nikalala usingizi mzito. Kesho yake tulilala Karanga, na siku iliyofuata tukafika Barafu, takribani mita 4,670, mahali ambapo hapana maji, kila tone huletwa na wagumu, yaani wapagazi, kutoka bonde la Karanga. Safari hii nilizifunga kamba za buti mwenyewe, nikafika Uhuru asubuhi. Ratiba ya siku sita huiruka Karanga na kukutoa Barranco hadi Barafu kwa siku moja, sikushauri uichukue.

Kwa mwenye fedha na likizo, Lemosho ya siku nane ni bora zaidi, kwani huanzia magharibi taratibu kabla ya kukutana na njia ya Machame. Rongai, inayoanzia kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, iko upande usio na mvua nyingi, nayo ni nzuri ikipitia Mawenzi kwa siku saba. Njia ya Umbwe ni kali mno kwa anayetoka pwani. Ukipenda Marangu kwa ajili ya vitanda, lipia siku ya sita, ulale Horombo mara mbili na katikati upande kidogo kisha urudi. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, ndiyo maana wengi hushawishika kupunguza siku. Ningependa upunguze kitu kingine chochote.

Jambo moja hatulisemi vya kutosha. Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea nchini kwetu, na mgonjwa wake hapaswi kwenda kwenye mwinuko kama huu. Hata mwenye vinasaba vyake tu, asiyeugua kabisa huku pwani, bandama lake linaweza kudhurika huko juu kwa upungufu wa oksijeni. Pima damu kabla ya kulipa.

Kisha mwombe mwandalizi akuandikie kimo cha kila kambi utakayolala, usiku kwa usiku. Akikujibu kwamba njia yake ni nyepesi na hakuandikii, usimpe fedha.